Maswali na Majibu ya Useremala: Kuikagua Mashine Ndogo ya Msasa Kabla ya Kuinunua

SWALI

Ndugu Mhariri, salamu nyingi. Mimi ni seremala wa vitu vidogo: fremu za picha, visanduku vyenye vifuniko na magari ya watoto ya mbao. Hadi leo nimekuwa nikimalizia kazi kwa tupa na kwa msasa uliozungushiwa kipande cha ubao, nami nimechoka, kwa kuwa pembe za fremu zangu hazikutani sawasawa na kila mara hujikuta naziba nyufa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Nimeamua kununua mashine ndogo ya msasa ya kuweka juu ya benchi, ile yenye mkanda sehemu moja na sahani inayozunguka ubavuni. Nimeoneshwa mbili. Moja ni nzito na kibao chake kinasema wati 375. Nyingine ni nyepesi, imepakwa rangi vizuri, na kibao chake kinasema wati 500. Muuzaji anaisifia hii ya pili, lakini amekubali niziwashe zote na kuzijaribu kwa mbao zangu mwenyewe. Nikifika hapo nitazame nini?

Msomaji mtengeneza fremu

JIBU

Ndugu yangu, ruhusa ya kuzijaribu kwa mbao zako ina thamani kuliko yote yaliyoandikwa kwenye maboksi, kwa hiyo usiiache ipite. Nenda na skwea (kipimo cha pembe ya digrii 90) unayoiamini, rula ya chuma, tochi ndogo, karatasi mbili tatu za kawaida za kuandikia, na vipande kadhaa vya mbao ngumu iliyonyooka, vyenye upana wa milimita 50 hivi.

Kwanza niondoe dhana moja ambayo naiona katika barua nyingi zinazofika kwenye safu hii. Mashine ya benchi haikuundwa hasa kwa kulainisha. Uso mpana wa ubao hulainishwa kwa randa, kwa msasa wa mkono, au kwa ile mashine inayoshikwa na kutembezwa juu ya kazi. Kwenye mashine ya benchi ni kazi inayopelekwa kwenye msasa, na kinachotafutwa ni ncha iliyonyooka, pembe iliyo kamili, au duara lililoliwa hadi kwenye mstari wa penseli bila kuuvuka. Kwa hiyo mimi huiweka katika ukoo mmoja na skwea na rula: ni chombo cha vipimo ambacho kimepewa mota. Skwea yenye pembe mbovu haifai hata ikiwa imetengenezwa kwa chuma cha bei mbaya, na vivyo hivyo mashine ya msasa ambayo kimeza chake, yaani pale kazi inapolazwa mbele ya msasa, hakitulii haifai hata ikiwa na nguvu za kukoboa mahindi.

Tuzimalize basi hizo wati, maana ndizo zinazokutia shaka. Namba iliyo kwenye kibao inaweza kuwa ya umeme unaoingia kwenye mota, au ya nguvu inayotoka kwenye mhimili wake, na hizi mbili hazilingani kamwe, kwa sababu sehemu ya umeme hugeuka kuwa joto humohumo ndani. Watengenezaji waangalifu huandika P1 kwa nguvu inayoingia na P2 kwa inayotoka. Wengine huandika namba moja tu, na si ajabu ikawa ile kubwa. Nguvu-farasi moja ni wati 746, kwa hiyo wati 375 za kutoka ni kama nusu ya nguvu-farasi, nazo zinatosha kabisa kwa kazi ulizozitaja. Zinaweza hata kuishinda mota ya wati 500 za kuingia.

Ungali unakitazama kibao hicho, tafuta alama ya S1 au S2. S1 ni mota iliyoundwa kubeba mzigo wake mfululizo. S2 hufuatwa na idadi ya dakika. Ikiwa imeandikwa dakika 15, maana yake ni kwamba baada ya dakika 15 za mzigo kamili mota inapaswa kupumzishwa hadi ipoe kabisa. Mtu anayenyoosha ncha nne za fremu kisha akarudi kwenye gundi hatasumbuliwa na S2, ila mwenye magurudumu hamsini ya magari ya watoto mbele yake atasumbuliwa sana. Tazama pia mizunguko kwa dakika. Ukikuta namba iliyo karibu na 2850 kwa umeme wa Hz 50, au karibu na 3450 kwa umeme wa Hz 60, karibu kwa hakika hiyo ni mota ya induksheni, isiyotumia brashi za kaboni (vipande vidogo vinavyosugua na kupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), ambayo mwendo wake haubadiliki sana ukiilemea. Mota ya brashi hujitambulisha kwa mlio wake mkali unaofanana na wa drili ya mkononi, na mara nyingi kwa vifuniko viwili vidogo vya plastiki ubavuni mwake. Si kwamba haifanyi kazi. Hufanya, lakini brashi huisha, na kelele yake utaishi nayo kila siku.

Ijaribu nguvu kwa kitendo. Washa mashine, egemeza ncha ya ubao mgumu kwenye mkanda, sukuma kwa nguvu ya kawaida ya mkono mmoja, kisha ongeza kidogo. Sauti itashuka kidogo, na hilo halina neno. Mkanda ukisimama huku roli inayouzungusha inaendelea kuzunguka ndani yake, usiilaumu mota, kwani huo ni ulegevu wa springi inayoukaza mkanda. Mota yenyewe ikizama hadi karibu kukoma, basi zile wati zilikuwa za kwenye kibao tu.

Sasa nije kwenye mambo ambayo kwangu ndiyo mashine yenyewe, yaani kimeza, sahani, na bamba la chuma lililo nyuma ya mkanda.

Kimeza bora ni kile kilichomiminwa katika kalibu, kiwe cha chuma au cha aluminiamu, kikasawazishwa juu kwa mashine. Kimeza cha bati lililokunjwa kingo ni dalili ya kwanza ya kutiliwa shaka. Mwaka fulani nilinunua mashine yenye kimeza cha aina hiyo, nikavutiwa na wepesi wake, na kwa wiki nzima nikatengeneza visanduku ambavyo vifuniko vyake havikukubali kukaa. Nilikagua msumeno, nikakagua skwea, nikamlaumu aliyeniuzia mbao. Mwishowe niliweka skwea juu ya kimeza ikiwa imegusa sahani, nikabonyeza ukingo wa mbele wa kimeza kwa kidole gumba, na hapo nikauona mwanga ukifunguka kati ya skwea na sahani kama mlango. Kila nilipobana kazi ili isichezecheze, kimeza kiliinama, na kila ncha niliyoinyoosha ilitoka na mteremko wake. Fanya jaribio hilohilo kabla ya jingine lolote. Mashine ikiwa imezimwa na plagi imetolewa, simamisha skwea, bonyeza ukingo kwa uzito unaofanana na ule utakaotumia kazini, na uangalie mwanga. Kisha legeza kitasa cha kufungia kimeza, kilaze hadi digrii 45, kirudishe digrii 90, ukikaze tena. Vimeza vingi vidogo hukaa vizuri vikiwa vimelegezwa, halafu husogea pale kitasa kinapokazwa, na hilo ndilo kosa linalowaponyoka wanunuzi wengi kwa sababu huwa wamekwisha kuondoa skwea. Iache skwea mahali pake wakati unakaza. Tazama pia kama kimeza kimeshikwa pande zote mbili au upande mmoja tu. Cha upande mmoja huhitaji kuwa kinene sana ndipo kitulie. Mistari ya digrii iliyochorwa kwenye kipimo chake usiitegemee hata kwenye mashine nzuri; itumie kukaribia, kisha maliza kwa skwea.

Kuhusu sahani, tunataka kujua kama inazunguka bila kuyumba. Plagi ikiwa nje, bana kijiti juu ya kimeza kwa klempu ili ncha yake ikaribie sahani pasipo kuigusa, karibu na ukingo wa nje, kisha izungushe sahani polepole kwa mkono huku ukiingiza karatasi katika ule mwanya. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa takriban milimita 0.1, kwa hiyo unayo geji mfukoni. Pale mwanya unapokuwa mdogo kabisa usogeze kijiti hadi karatasi moja ipite kwa kubanwa kidogo. Kisha zungusha nusu mzunguko na ujaribu kuingiza mbili, halafu tatu. Ikiwa hata mahali penye mwanya mkubwa karatasi ya pili inagoma, sahani ni nzuri sana. Ya pili ikiingia, kwa mashine ndogo naikubali. Zikiingia tatu, zirudishe karatasi mfukoni na uiage mashine hiyo, kwa sababu sahani inayoyumba hugonga mbao badala ya kuikata, na utaona alama za mapigo hayo kwenye ncha ya kila kipande. Fanya jaribio hili kwenye chuma kitupu ukiweza, kwa kuwa karatasi ya msasa iliyobandikwa vibaya inaweza kuisingizia sahani isiyo na kosa.

Mwanya kati ya kimeza na sahani nao uwe mdogo, milimita moja na nusu hivi, na kimeza kiwe na njia ya kusogezwa ili mwanya huo urekebishwe. Ukiwa mpana, kipande chembamba huvutwa chini, na kidole kilichokuwa kimekishikilia hufuata. Kwa sababu hiyohiyo kazi hufanywa kwenye nusu ya sahani inayoshuka kuelekea kimeza, kamwe si kwenye nusu inayopanda. Mashine ambayo geji yake ya pembe (kile kiegemeo kinachoteleza juu ya kimeza na kuishika kazi kwa pembe uliyoichagua) imewekewa njia mbali mno hivi kwamba kipande kifupi hakiifikii ile nusu inayoshuka imeundwa na mtu ambaye hajawahi kuitumia.

Likija bamba la nyuma ya mkanda, ondoa mkanda, weka rula ya chuma kwa ubavu wake juu ya bamba, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, huku tochi ikimulika nyuma. Bamba linalobonyea katikati litakupa ncha zenye kitumbo, na hakuna namna ya kuliponya ila kulibadilisha. Ligonge pia kwa kifundo cha kidole. Likitoa mlio wa debe tupu, ni jembamba, nalo litapinda kwa joto la msuguano.

Baada ya hayo yote mashine itoe ushahidi wake yenyewe. Chukua vipande viwili kutoka ubao mmoja, weka alama upande wa chini wa kila kimoja, na uvinyooshe ncha vyote viwili kwenye sahani vikiwa vimelala kwa upande huohuo wenye alama. Kisha vilaze juu ya kitu bapa, kioo au kimeza chenyewe, alama zikiwa chini, na uvikutanishe ncha kwa ncha. Kosa lolote la kimeza sasa linaonekana mara mbili ya ukubwa wake, kwa kuwa ncha zote mbili zimeinamia upande mmoja wa juu au wa chini, na mwanga utapita hata pale ambapo skwea ilionekana kuridhika. Angalia usikigeuze kipande kimoja juu chini. Ukikigeuza, makosa mawili yatafutana, ncha zitakutana vizuri ajabu, nawe utaondoka na mashine mbovu ukiwa umeithibitisha mwenyewe. Kwa kuikagua geji ya pembe mambo ni kinyume, yaani kipande kimoja lazima kigeuzwe, maana hapo ni ubavu ulioegemea geji ndio unaotakiwa kukaa kwenye rula kwa vipande vyote viwili.

Yaliyobaki si mengi. Zima mashine na usikilize inavyosimama: ikishuka kwa utulivu hadi kimya, beringi ni nzima, ikikwaruza au ikikoma ghafla, kuna kitu kinaiburuza. Watu hupenda kusimamisha sarafu juu ya kimeza kuonesha kwamba mashine haitetemeki, na wauzaji wanalijua onyesho hilo vizuri sana. Mimi hupendelea kuweka bilauri ya maji kwenye benchi, kando ya mashine, kisha nikatazama viduara vinavyochezacheza juu ya maji. Mashine nzito huwa tulivu zaidi, na hata nyepesi hutulia ikiwa ina matundu ya bolti za kuifunga kwenye benchi, kwa hiyo yatafute matundu hayo. Swichi nzuri ni ile ambayo umeme ukikatika na kurudi haiwashi mashine hadi uibonyeze upya. Ijaribu kwa kuchomoa plagi mashine ikiwa inazunguka, kisha kuirudisha, mikono ikiwa mbali.

Tundu la kutolea vumbi lisichukuliwe kuwa pambo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la kwanza, la vitu ambavyo imethibitika kwamba husababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la msasa ndilo jepesi kuliko yote kuvutwa puani. Pima kipenyo cha tundu na uhakikishe kwamba bomba la kifyonza vumbi chako litaingia, kisha unyooshe kipande kimoja huku kifyonza kikiwa kimewashwa na utazame vumbi linaelekea wapi. Hata kwenye mashine nzuri sehemu ya vumbi hutoroka, hasa kwenye mkanda, kwa hiyo barakoa ya vumbi bado inahitajika.

Jambo la mwisho kabla ya kulipa ni kipimo cha mkanda. Mikanda ya milimita 100 kwa 915, na ile myembamba ya 25 kwa 762, hutengenezwa na viwanda vingi, na vivyo hivyo sahani za milimita 125 na 150. Mashine yenye mkanda wa kipimo chake pekee hukufunga kwa muuzaji mmoja, na siku atakapoacha kuuleta, itageuka kuwa kizuizi cha mlango.

Ukiniuliza kwa kukisia tu, bila kuziona, ningeelekea kwenye ile nzito ya wati 375. Lakini vipande vyako viwili vya mbao vikisema vingine, vifuate hivyo.

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Nina mashine ndogo yenye mkanda wa milimita 100, niliyoinunua ikiwa imetumika. Mkanda unakimbilia upande wa kushoto hadi unakwaruza kifuniko, nami nikizungusha kitasa cha kuurekebisha unarudi, kisha baada ya dakika chache unakimbia tena. Fundi mmoja ananiambia roli zimekwisha, mwingine ananiambia ni mikanda mibovu. Nitamjuaje msema kweli?

Msomaji mwanafunzi wa useremala

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mkanda wenyewe utakuamulia. Zima mashine, chomoa plagi, toa mkanda, na uurudishe ukiwa umegeuzwa upande kwa upande, yaani ukingo uliokuwa kushoto sasa uwe kulia. Ikiwa mkanda wako una mshale wa mwelekeo kwa ndani, usiutumie kazini katika hali hiyo, kwa sababu kiungio chake kimelaliana na kinaweza kufunuka. Unataka tu kuutazama ukizunguka bila mzigo kwa sekunde chache. Mikanda mingi ya siku hizi imeungwa kwa utepe mgongoni, haina mshale, na huzunguka kokote.

Ukiugeuza na sasa ukakimbilia kulia, mkanda ndio wenye kosa: ukingo wake mmoja ni mrefu kuliko mwingine, ama kwa kuungwa vibaya, ama kwa kutundikwa muda mrefu mahali penye unyevu. Ukiendelea kukimbilia kushoto kama mwanzo, kosa ni la mashine. Hapo kagua mambo matatu kwa utaratibu huu. Shika roli ya mbele na uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi au mhimili wake umelika. Kisha weka rula juu ya roli kwa upana wake: roli nyingi hutengenezwa zikiwa na kitumbo kidogo katikati, na kitumbo hicho ndicho kinachouweka mkanda njiani, kwa hiyo roli iliyokuwa na kitumbo ikawa bapa haiwezi tena kuuongoza. Utomvu na vumbi lililogandamana upande mmoja wa roli huleta dalili zilezile, basi ikwangue kwanza kabla ya kuihukumu. Mwisho ni springi. Dalili uliyoieleza, ya mkanda kutii kitasa kisha kuasi baada ya dakika chache, mara nyingi huniambia kwamba springi imechoka au kitasa kinajifungua chenyewe kwa mtetemo. Weka alama ya penseli kwenye kitasa na kwenye mwili wa mashine, fanya kazi kwa dakika tano, kisha uangalie kama alama zimeachana. Zikiachana, nati moja ya kufungia inaweza kumaliza ugomvi wa mafundi wako wawili.

SWALI

Mhariri, mashine yangu mpya inaunguza mbao. Ncha za mbao ngumu zinatoka nyeusi na zinanuka moshi, hasa nikitumia sahani. Nimeweka msasa namba 240 ili kazi itoke laini. Je, nimeuziwa mashine mbovu?

Msomaji mwenye karakana ya nyumbani

JIBU

La hasha, mashine yako yaelekea ni nzima. Sahani ya milimita 150 inayozunguka mara 2850 kwa dakika hupita kwenye mbao, pale ukingoni, kwa kasi ya mita 22 hivi kwa sekunde. Msasa namba 240 una punje ndogo sana, na kwa kasi hiyo mianya iliyo kati ya punje hujaa vumbi mara moja. Baada ya hapo hakuna kinachokatwa, kuna msuguano tu, na msuguano ni moto. Weka namba 80 kwa kuondoa mbao, na 120 kwa kumalizia. Zaidi ya hapo endelea kwa mkono. Neno lenyewe, msasa, ni jina la mti wenye majani yanayokwaruza, yaliyotumika kulainishia mbao muda mrefu kabla ya mota yoyote, na kwa kumalizia mkono bado haujapata mshindani.

Ncha ya ubao, mahali nyuzinyuzi zilipokatwa, huungua upesi kuliko ubavu, hivyo sukuma kidogo, usikae mahali pamoja, na usogeze kazi kati ya ukingo na katikati ya sahani. Kumbuka kwamba umbali wa milimita 30 kutoka katikati kasi huwa imeshuka hadi kama mita 9 kwa sekunde. Kipande kinachoungua ukingoni mara nyingi hupona kikisogezwa ndani kidogo. Msasa uliojaa utomvu usiutupe haraka. Kuna vijiti vya mpira vya kuusafishia: washa mashine, kigusishe kijiti kwenye msasa polepole, nawe utaona rangi yake ya awali ikirudi. Usipoirudisha kwa migusio miwili mitatu, msasa huo umekwisha kazi. Wakati wa kubandua karatasi ya zamani, ipashe joto kidogo kwa kikausha nywele ili gundi ilegee, futa masalia yote kwenye chuma, ndipo ubandike mpya. Donge moja la gundi chini ya karatasi hupanda juu kama kipele na kuacha mstari mweusi uleule kwenye kila kipande.

Ikiwa baada ya kuweka namba 80 mpya mbao bado zinaungua kwa mguso mwepesi, ndipo uitilie shaka mashine. Kagua kama sahani inayumba, kwa njia ya kijiti na karatasi niliyomweleza mwenzako hapo juu. Na kama umewahi kuitumia mashine hiyo kunolea chuma, fungua kifuniko na utoe vumbi lote la mbao lililolala ndani kabla ya kuiwasha tena, kwa sababu cheche moja ikiangukia humo, moshi utakaounusa hautakuwa wa ncha ya ubao.